Bibi harusi, kabla ya kuuliza kamera gani, uliza kadi ni ya nani



Mimi ni fundi cherehani na muuza vitambaa hapa Iguguno, mkoani Singida, kwenye barabara kuu ya kutoka Singida kwenda Nzega. Nashona magauni ya harusi, mashela na sare za wasimamizi. Kupiga picha ni mapenzi yangu tu, hakunilishi. Nina kamera moja ya mtumba, lenzi mbili na vikorokoro vyake, na nikialikwa kwenye shughuli ya wanawake naingia navyo begani. Maharusi wanaokuja kupimwa kwangu wakishamaliza habari za gauni huniuliza: "Dada, nitafute mpiga picha mwenye kamera gani?"

Jibu langu huwa linawashangaza. Kamera usiiulizie sana. Uliza mambo mawili: lenzi gani itaingia kwenye chumba chako, na memori kadi itakayobeba picha zako ni ya nani. La kwanza litakupendeza. La pili litakusitiri, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Lenzi ndefu haina ubingwa chumbani

Tumezoeshwa kuamini kuwa mwenye lenzi ndefu kama mchi ndiye fundi. Lenzi zile ni nzuri uwanjani, kwenye mpira au mbugani, maana zinavuta kitu cha mbali. Lakini shughuli zetu nyingi za wanawake hufanyika sebuleni, ukumbini usiku, au chini ya turubai. Bibi harusi yuko hatua tatu mbele yako na nyuma yako ni ukuta. Unavuta nini?

Shida yetu chumbani ni mwanga. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965, alieleza katika Kitab al-Manazir jinsi mwanga unavyopita kwenye tundu na kuingia chumba chenye giza. Kamera ya leo bado inafanya kazi hiyohiyo: ni chumba cha giza chenye tundu. Tundu likiwa pana, mwanga mwingi unaingia. Upana huo huandikwa kwenye lenzi kwa namba, na namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Lenzi nyingi zinazouzwa pamoja na kamera, zile za mm 18 hadi 55, ukizivuta mpaka mwisho zinaishia 5.6. Lenzi ya mm 50 yenye namba 1.8, ambayo Canon na Nikon wote wanaitengeneza na ni miongoni mwa lenzi zao za bei nafuu, inaingiza mwanga karibu mara kumi ya hiyo.

Mara kumi, dada yangu. Ndiyo tofauti kati ya uso wa bibi harusi uliotulia na uso uliotoka kama umepakwa majivu, umetikisika.

Haina maajabu yote lakini. Haivuti wala hairudi nyuma, ukitaka kusogea unatumia miguu yako. Kwenye kamera nyingi za bei ya kawaida inabana, kwa hiyo picha ya ukoo mzima haiingii. Hapo unarudisha lenzi ya kawaida kwenye mm 18. Na ukiifungua yote ukiwa karibu, jicho moja litakuwa kali na la pili limefifia, na shanga nilizokesha nikizishona hazionekani. Nikipiga gauni naipeleka kwenye 4. Nikipiga uso peke yake naifungua zaidi. Ni kama mkasi: wa kukatia kitambaa si wa kukatia uzi, lakini fundi anakuwa navyo vyote viwili.

Vikorokoro vinavyostahili pesa

Duka la vifaa vya picha linafanana na duka la mapambo ya nguo. Ukiingia bila orodha utatoka na usivyovihitaji. Hivi nimevitumia na naweza kuvisemea.

Flashi yenye kichwa kinachogeuka. Flashi ikimmulika bibi harusi usoni moja kwa moja, satini inang'aa kama bati na uso unapoteza umbo. Geuza kichwa kitazame dari jeupe, mwanga urudi chini umelainika. Kama nyumba haina dari, ni mabati matupu, au dari limepakwa kijani, mbinu hii haisaidii, kwa sababu mwanga unarudi na rangi ya ulichogonga. Hapo funika flashi kwa kitambaa chepesi cheupe. Kipande kinachobaki mezani kwangu kinatosha.

Shuka jeupe. Mkalishe bibi harusi karibu na dirisha, mtu ashike shuka upande wa pili wa uso wake. Kivuli kinapungua. Turubai la bluu nalo linajulikana: kila uso chini yake unakuwa bluu. Msogeze ukingoni mwa turubai penye mwanga wa wazi, ndipo upige.

Mirija ya kuongeza urefu wa lenzi. Inakaa kati ya lenzi na kamera, haina kioo ndani, ndiyo maana bei yake ni ndogo. Inakuruhusu kusogelea sana. Kwa picha za hina, mstari kwa mstari mpaka kwenye kucha, sijaona kitu cha bei hiyo kinachoishinda.

Kipulizio cha mpira na kitambaa laini cha lenzi. Kiangazi hapa kwetu upepo unabeba vumbi mpaka ndani ya kabati. Vumbi likikaa kwenye kioo, lipulize kwanza. Ukilifuta kwa ncha ya kanga umelisugua kama msasa. Kwenu visiwani adui ni unyevu na chumvi ya bahari: lenzi ikifungiwa muda mrefu kwenye begi lenye unyevu inaota ukungu ndani. Vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu na mikoba msivitupe, viwekeni kwenye begi la kamera.

Betri ya pili. Hili halina maelezo.

Jambo moja halinunuliwi dukani, nalo ni kuijua kamera. Kamera hudhani kila kitu mbele yake kina wastani wa rangi. Ikiona gauni jeupe limejaa pote, inalipunguza mpaka linakuwa kijivu. Ikiona buibui jeusi, inaling'arisha mpaka linapauka. Kwa hiyo kwa gauni jeupe ongeza mwanga kidogo, kwa buibui punguza. Mteja aliyelipia kitambaa cheupe pe asionekane kavaa nguo iliyofuliwa na ya rangi.

Sasa tuje kwenye kadi

Mwaka mmoja nilimshonea gauni binti mmoja, shughuli yake ilikuwa mji mwingine. Familia ni watu wa dini. Walitafuta mpiga picha mwanamke, simu zikakusanywa mlangoni, wanaume hawakukaribia. Bibi harusi akafungua nywele, akapambwa, wakacheza kwa amani. Miezi kadhaa baadaye kaka yake aliiona picha ya usiku ule kwenye simu ya kijana wasiyemjua.

Mpiga picha hakuwa na nia mbaya. Kamera aliikodi. Alipomaliza kuhamisha picha alizifuta, akairudisha kamera na kadi ikiwa ndani. Ila picha iliyofutwa kwenye kadi haijaondoka. Kamera imefuta tu anwani yake, picha yenyewe inakaa mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za kuzirudisha zinapatikana bure. Hata kuiformati kadi kwa kawaida hakutoshi. Aliyekodi baada yake alizirudisha. Binti yule alilia kwangu dukani, na sikuwa na la kumshonea likafunika jambo hilo.

Ndiyo maana nasema: kumtafuta mpiga picha mwanamke ni jambo jema, nami naliunga mkono, lakini ni nusu ya sitara. Nusu nyingine ni kadi.

Zanzibar inaujua uzito wa jambo hili kwa muda mrefu. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, enzi za filamu. Enzi hizo mwenye negativu ndiye aliyeweza kusafisha picha nyingine. Memori kadi ndiyo negativu ya leo, tena mbaya zaidi, maana nakala elfu zinatoka kwa dakika moja bila chumba cha giza wala dawa.

Wanazuoni wana maneno yao kuhusu picha, na mimi si wa kufutu. Waulizeni wenye elimu. Ila kuhusu amana hatuna mjadala: Suratun Nisaa, aya ya 58, inatuamuru tuzirudishe amana kwa wenyewe. Picha ya mwanamke aliyejifungulia mbele ya wanawake wenzake ni amana, na mwenyewe ni yeye.

Bibi harusi, fanya hivi

Nunua memori kadi yako mpya, halisi, dukani unakokuamini. Kadi ya GB 32 inabeba picha za kawaida elfu kadhaa, inatosha usiku mzima. Uliza kamera inatumia kadi ya aina gani kabla hujanunua. Mkabidhi mpiga picha usiku huohuo mbele ya mama au somo yako, na shughuli ikiisha irudi mkononi mwenu.

Uliza kama kamera ina nafasi mbili za kadi. Zipo zinazoandika picha kotekote kwa wakati mmoja. Kama ni hivyo, kadi zote mbili ziwe zako.

Uliza kama kamera imeunganishwa na simu, maana nyingine hutuma picha kwenye simu zenyewe, na simu huzipandisha mtandaoni bila mtu kubonyeza kitu. Izimwe.

Andikianeni, hata kwenye karatasi ya daftari: picha za chumba cha wanawake hazitatumika kwa tangazo, haziwekwi ukurasani, hazionyeshwi kwa mteja mwingine.

Najua wapiga picha watakavyosema: "Nikimpa kadi nitasafishaje picha? Na akikataa kunilipa je?" Wana haki. Malipo yamalizwe kabla ya kadi kurudi. Picha za kusafishwa zichaguliwe pamoja na bibi harusi, zile tu zihamishiwe kwenye kompyuta, na baada ya kukabidhiwa zifutwe kwa programu inayoandika juu yake. Ni kazi ya ziada, kwa hiyo bibi harusi ailipie. Atakayekataa hata kuzungumza amekupa jibu lake mapema, mshukuru utafute mwingine.

Na nyinyi dada mnaopenda picha, jifunzeni. Ujuzi huu hauhitaji digrii. Mimi nimeishia sekondari na kozi ya ushonaji, na namba za lenzi nimezielewa kama nilivyozielewa namba za futi. Anza na kamera ya mtumba, lenzi moja ya mm 50, betri mbili na kadi zako mwenyewe. Harusi za wanawake zinahitaji macho ya wanawake wanaojua mwanga na wanaojua kusitiri.

Gauni nikikosea mshono nafumua. Picha ikishatoka haifumuliki. Tahadhari kabla ya hatari, wapenzi wangu. Mwenyezi Mungu awape maharusi wetu kheri na mapenzi, na atusitiri sote duniani na akhera. Amin.