Galana-Kulalu: Ahadi ipimwe kwa tarehe ya kwanza

MRADI wa unyunyiziaji maji wa Galana-Kulalu, katika kaunti za Kilifi na Tana River, wafunza jambo ambalo waundaji wa programu za kompyuta walijua zamani: tarehe inayosogezwa kila mara haipimi chochote.

Rais Uhuru Kenyatta aliuzindua Januari 2014. Serikali ilinuia kulima ekari milioni moja ili nchi ijitosheleze kwa chakula, ikianza na shamba la mfano la ekari 10,000 lililokabidhiwa kampuni ya Green Arava kutoka Israeli. Kampuni hiyo iliondoka 2019 kabla kazi haijakamilika.

Kundi makini la waundaji programu halitosheki na jibu kwamba kazi "inakaribia kwisha". Huandika siku iliyoahidiwa mwanzo, siku kazi ilipokabidhiwa, na kiasi kilichokuwa kikitumika siku hiyo. Baada ya kazi nyingi, pengo kati ya tarehe hizo mbili hudhihirisha uaminifu wa kundi, na makadirio yajayo hurekebishwa ipasavyo.

Miradi ya umma mara nyingi hupimwa kinyume. Muda unapoongezwa, tarehe mpya huifuta ya awali, na ripoti ikadai kazi ingali ndani ya ratiba. Pesa zilizotumika nazo huhesabiwa kuwa hatua zilizopigwa.

Kuchelewa kwaweza kuwa na sababu za haki. Hata hivyo, mkazi wa Ganze anayeandamwa na ukame hashibi kwa ratiba mpya. Bunge laweza kuanza kwa kudai tarehe ya kwanza isiondolewe katika ripoti yoyote.