Dawa ya Nyigu Ikae Karibu na Watu



Watu wengi wakiumwa na nyigu huvimba kidogo, huugulia, na jambo likaisha. Lakini wako wenzetu ambao kuumwa mara moja tu kwaweza kuwaua kwa muda wa robo saa. Majirani huuliza: mdudu mdogo awezaje kumwangusha mtu mwenye nguvu zake? Wasipopata jibu, humtafuta mchawi.

Mchawi hayupo. Mwaka 1902 wataalamu wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, walieleza kwamba mwili uliokwisha kuonja sumu huweza kuipinga mara nyingine kwa ukali mno, hata ukajidhuru wenyewe. Kwa kazi hiyo Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Dalili zake ni hizi: vipele na mwasho mwili mzima, midomo na ulimi kuvimba, kuhema kwa shida, kutapika, kizunguzungu, na kuzimia.

Dawa yake ni sindano ya adrenalini. Si dawa mpya wala si ya matajiri. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima. Mtu mzima huchomwa nusu miligramu katika msuli wa paja, upande wa nje. Asipopata nafuu kwa dakika tano, huchomwa tena. Vidonge vya mwasho peke yake havitoshi.

Basi tudai nini? Zahanati yenye dawa kabatini, na ufunguo mfukoni mwa mtu aliyekwenda mjini, haina dawa. Twataka kichupa na sindano vikae mahali pa kufikiwa mara moja, na kila mhudumu ajue kuvitumia bila kungoja amri ya mkubwa. Kila tawi liulize jambo hili katika mkutano wa kijiji, na lisikubali kujibiwa “tutaangalia”.

Nasi tuna wajibu. Mgonjwa alazwe, miguu iinuliwe, asisimamishwe wala kutembezwa. Anayehema kwa shida aachwe akae. Tusipoteze wakati kumpaka dawa za kienyeji. Baiskeli, pikipiki, gari, chochote kilicho karibu kimpeleke upesi. Na akipata nafuu asirudishwe nyumbani papo hapo, maana hali hiyo yaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Nyigu hatuwezi kuwamaliza. Kabati lililofungwa twaweza kulifungua.