Uvimbe shingoni: Uliza ni saratani gani

UVIMBE ukitokea shingoni, majirani wa ploti hawakosi la kusema. Huko Pipeline, Embakasi, mmoja atasema ni jino, mwingine ni tezi tu, wa tatu atataja kifua kikuu. Wakati huo wote uvimbe unakua.

Ikiwa haujaisha baada ya majuma matatu, nenda hospitali. Daktari akikata kipande kidogo cha nyama kipelekwe maabara, usidhani anakupotezea wakati. Saratani si moja. Ile ya taya za watoto, ambayo Dkt Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda, hutokana na seli nyeupe za damu na husikia dawa vizuri. Ile inayoanzia nyuma ya pua pia hujitokeza shingoni, lakini tegemeo lake kubwa ni tiba ya miale. Chini ya hadubini, saratani za jamii hizi mbili zaweza kufanana kama pacha.

Hapo ndipo kingamwili za maabara huhitajika. Seli za ngozi na za utando wa pua, koo na matumbo zina nyuzi za protini ziitwazo saitokeratini. Seli nyeupe za damu kwa kawaida hazina. Kingamwili ya kuzishika nyuzi hizo hutiwa juu ya kipande, kisha dawa ya rangi. Seli za uvimbe zikigeuka hudhurungi, ni dalili kuwa saratani ilianzia kwenye utando. Daktari huongeza vipimo vingine kabla ya kukata kauli.

Njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tupu ilivumbuliwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1975 na Georges Köhler na César Milstein, waliounganisha seli za panya na seli za saratani zisizochoka kuzaana. Hata hapa Kabete, watafiti wa ILRAD waliitumia miaka ya 1980 kuchunguza vijidudu vya ndigana ya ng'ombe.

Mara nyingi jamaa ndiye anayebeba sampuli kwa matatu hadi maabara. Hakikisha imetiwa ndani ya fomalini, si maji, na chupa ina jina la mgonjwa. Nyama ikioza, kipimo hakifai kitu. Majibu yakitoka, uliza: "Ni saratani ya aina gani?" Na ukihamia hospitali nyingine, omba kipande kilichohifadhiwa ndani ya nta uende nacho. Chaweza kupimwa tena bila mgonjwa kukatwa upya.