Tahadhari: Vumbi Jekundu Katika Karakana za Imigongo, Batsinda

Wazazi wa Batsinda, hapa Kigali, mnaochora imigongo nyumbani, tafadhali wekeni msasa chini kwanza, ndipo msome.

Jumanne iliyopita niliingia kwa jirani yangu, mama anayefanya kazi hii na binti zake wawili. Sebuleni walikuwa wamelaza mbao sita za zamani, mteja amezirudisha zipakwe rangi upya. Mjukuu wa miaka saba alikuwa amechuchumaa juu ya ubao mmoja, anausugua kwa msasa mkavu, vumbi jekundu limemjaa hadi kwenye kope. Bibi yake akampa andazi, akalipokea kwa mkono uleule. Mdogo wake, ambaye bado anatambaa, alikuwa na kitu mdomoni. Nilimtia kidole, nikakitoa: kipande cha rangi iliyobanduka, chembamba kama ganda la kitunguu.

Rangi ile haikuwa ya udongo. Imigongo kama walivyoiacha bibi zetu wa Gisaka, huko Kirehe mashariki mwa Rwanda, ni kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu, kikafinyangwa kwa vidole kufuata mistari, kikakauka, kikasuguliwa, ndipo kikapakwa rangi. Nyeupe ilitoka kwenye udongo wa ingwa, nyekundu kwenye udongo mwekundu, nyeusi kwenye majivu na utomvu wa mshubiri. Kusugua ni sehemu ya kazi tangu zamani, na watoto wamesaidia tangu zamani. Kilichobadilika ni kopo. Wateja wanataka njano kali na rangi ya chungwa, wanataka mzigo wiki hii, nasi tunanunua rangi ya mafuta dukani. Simlaumu mtu, ada ya shule haingoji udongo ukauke.

Lakini baadhi ya rangi za mafuta zina madini ya risasi. Huwekwa ili rangi ing'ae au ikauke upesi, na zenye kutiliwa shaka zaidi ni njano, chungwa na nyekundu kali. Umoja wa Mataifa unashauri risasi isizidi sehemu 90 kwa kila milioni ya rangi iliyokauka. Kwa macho huwezi kuitambua, wala kwa harufu. Na ubao wa zamani ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu hakuna anayekumbuka ulipakwa kopo gani.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya kile anachofyonza mtu mzima akimeza kiasi kilekile. Risasi hukaa kwenye mifupa na meno kwa miaka, na mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Mara nyingi hakuna dalili mapema. Baadaye huja maumivu ya tumbo, upungufu wa damu, mtoto anachelewa kujifunza na mwalimu anamwita mvivu. Madhara ya ubongo hayarudi nyuma.

Rangi yenye risasi si ngeni kwa wachoraji. Mafundi wa picha ndogo za vitabuni, kule Herat nchini Afghanistan, walitumia nyekundu ya risasi katika kurasa zao.

Nyumba zetu nyingi hapa, zile zilizojengwa kwa ajili ya familia zilizotolewa mtaa wa Kiyovu mwaka 2008, ni ndogo. Karakana ndiyo sebule, na sebule ndiyo mahali pa kulala. Kwa hiyo leo, kabla ya usiku: usikwangue wala kuchoma rangi ya zamani. Usifagie vumbi kwa ufagio mkavu. Futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kisha kitupe. Osha mikono ya watoto kabla hawajala, na vidole vya wale wanaonyonya vidole. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Mwenye mimba na mtoto wasikae chumba chenye kazi hiyo. Mtoto asirambe brashi ili kuinyoosha ncha, hata kama wewe ulifundishwa hivyo. Ukienda dukani, uliza rangi ya maji iliyoandikwa kuwa haina risasi. Na kwa mteja anayelipa vizuri, rudi kwenye ingwa na udongo, umweleze kwa nini bei ni kubwa.

Kama mtoto wako amekuwa akisugua mbao, mwone mhudumu wa afya wa mtaa, omba akuelekeze panapopimwa risasi kwenye damu. Taja kazi yenu bila aibu, maana bila hilo daktari hatafikiria risasi.

Nitalisema hili tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, kazi yetu ya pamoja. Msingoje siku hiyo. Jirani yangu ameshazitoa mbao zote sita nje, amezifunika kwa turubai, na kesho asubuhi tunawapeleka wajukuu wote wawili kituo cha afya.