Mali bila daftari: Mwiki, Githurai na kazi ya blogu ya mtaani

Usiku wa tarehe 25 Juni 2024, saa chache baada ya waandamanaji kuingia Bungeni jijini Nairobi kupinga Mswada wa Fedha, milio ya risasi ilisikika Githurai, kando ya barabara kuu ya Thika. Hadi kunapambazuka, video za giza zenye milio hiyo zilikuwa zimezunguka nchi nzima, na pamoja nazo hesabu ya waliouawa. Wengine walitaja makumi, wengine mamia.

Waandishi na watetezi wa haki waliofika huko baadaye walithibitisha kwamba risasi zilipigwa kweli na kwamba kuna watu walioumia na kuuawa. Ushahidi wa mamia haukupatikana. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilipotoa hesabu ya nchi nzima tarehe 1 Julai, ilitaja watu 39 waliofariki na 361 waliojeruhiwa tangu maandamano yaanze. Hesabu hiyo ilitosha kuitikisa nchi. Lakini kwa vile ya uvumi ilikuwa kubwa zaidi, waliotaka kukana kila kitu walipata pa kushika: mbona mamia hawaonekani? Uongo wa mitandaoni ukageuka ngao ya waliofyatua risasi za kweli.

Mpwani atauliza, Githurai yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu hali yao ni hali yetu. Chukua Mwiki, jirani wa Githurai 45. Ni wadi katika eneo bunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Kwenye sensa ya 2019 Ruiru ilihesabiwa kuwa na watu 490,120, mji wa nne kwa ukubwa nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Imeipita Eldoret, imeipita Kisumu. Hata hivyo ni nadra kufungua gazeti la kitaifa ukakuta habari ya Mwiki, ila pawe na moto, mafuriko au maiti. Je, Mtwapa si hivyo? Kisauni si hivyo? Mitaa imejaa watu, habari zake hazina mwandishi.

Mwiki ina shida nyingine ya kipekee. Mwiki ni mbili. Kuna hiyo ya Ruiru, na kuna Mwiki ya Kasarani, ambayo iko Kaunti ya Nairobi. Githurai nayo imegawika: 44 iko Nairobi, 45 iko Kiambu. Oktoba 2020 wakazi na wenye matatu walipoandamana kwa ubovu wa barabara ya Kasarani-Mwiki, lawama zilikuwa za Nairobi. Sasa mtu akisambaza picha ya mtaro uliofurika na kuandika "Mwiki" tu, bila tarehe wala kusema ni ipi, gavana yupi aulizwe? Kila mmoja atamnyoshea mwenzake kidole, na mtaro utabaki ulivyo.

Hapa ndipo ninapoiona kazi ya blogu ya mtu binafsi, kitu ambacho vijana wengi huona kimepitwa na wakati. Watu wa Mwiki, kama sisi, hawana uhaba wa habari. Simu zao zimejaa. Wanachokosa ni mahali ambapo habari iliyookotwa mtandaoni inawekwa na tarehe yake, na linki ya ilikotoka, na jina la aliyeiweka, ili kesho mtu airudie na kuihoji. Ujumbe wa WhatsApp uliosambazwa mara elfu hauna mwenyewe. Video ya mwaka juzi hurudi leo ikidaiwa ni ya jana, na hakuna wa kuuliza. Mwenye blogu akikosea, ataandika juu ya habari ile ile kwamba imerekebishwa, na aliyesoma ataona kilichobadilishwa. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Habari nayo ni mali.

Wala si jambo geni kwetu. Ndesanjo Macha alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuandika blogu kwa Kiswahili, na yake aliiita Jikomboe. Mwaka 2005 Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti, alianzisha blogu yake, na Watanzania walioko ughaibuni wakawa wanaamkia hapo kujua nyumbani kumezukaje. Hapa Kenya, Serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja tarehe 30 Desemba 2007, wakili Ory Okolloh aliendelea kuandika kwenye blogu yake, Kenyan Pundit, akipokea taarifa za ghasia kutoka kwa wasomaji. Kazi ilipomzidi kimo aliomba wenye ujuzi wa kompyuta watengeneze ramani ya matukio. Januari 2008 ikazaliwa Ushahidi, na neno letu la Kiswahili likatumika kwenye majanga ya nchi za mbali. Siku hizo hizo ukumbi wa Mashada ulifungwa na mwendeshaji wake kwa sababu ya matusi ya kikabila. Mtandao ulikuwa mmoja, nchi ni moja, wiki ni zile zile. Pamoja palikuwa na mtu anayepokea, anayepanga na anayejibu. Pengine kila mtu alitupa neno akaondoka.

Basi kwa nini mtaa kama Mwiki hauna blogu kumi za namna hii? Uvivu upo, na bando ni ghali. Lakini kuna sababu kubwa zaidi: katika nchi yetu anayeweka jina lake ndiye anayekamatwa.

Tuitazame sheria. Aprili 2016 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichokuwa kikitumiwa kuwashtaki watu kwa "matumizi mabaya" ya vifaa vya mawasiliano. Februari 2017 ikafuta kosa la jinai la kuchafulia mtu jina. Watu wakashusha pumzi. Mei 2018 Rais Uhuru Kenyatta akatia saini Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni. Kifungu cha 22 kiliweka faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili, kwa kuchapisha habari za uongo. Cha 23 kikapandisha kifungo hadi miaka 10. Chama cha wanablogu, BAKE, kilikwenda mahakamani, na vifungu 26 vikasimamishwa. Februari 2020 Mahakama Kuu iliikataa kesi hiyo na vifungu vikarudi, chama kikakata rufaa. Oktoba 2025 Rais Ruto akatia saini marekebisho ya kuiongezea makali sheria hiyo hiyo. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda sehemu ya marekebisho hayo.

Ng'ambo ya mpaka nako walijaribu njia ya mfuko. Kanuni za Tanzania za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe ada ya leseni ya shilingi milioni 1 za huko kwa mwaka. Jamii Forums ilizima mtandao wake kwa muda Juni mwaka huo. Wengi waliokuwa wakiandika kwa mapenzi tu waliacha.

Halafu kuna yasiyoandikwa kwenye sheria yoyote. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu aliyejulikana pia kama mwanablogu, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa maneno ya mtandaoni kumhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, Eliud Lagat. Alisafirishwa hadi Nairobi, akafia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Polisi walisema amejigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa na mwili uliopigwa, mambo ambayo mtu hajifanyii. Maafisa walishtakiwa. Lakini kila kijana anayefikiria kuandika jina lake chini ya habari aliuona mfano, na akajifunza alichojifunza.

Haya ndiyo matokeo. Mwenye jina ananyamaza, asiye na jina anaendelea. Sheria iliyosemwa ni ya kuzuia uongo inamkuta kwanza yule anayeweza kupatikana, ambaye ndiye angeweza kuulizwa na kurekebisha. Aliyeanzisha uvumi wa mamia yuko wapi? Hajulikani.

Sisemi uongo hauui. Sisi Wapwani ni wa mwisho kusema hivyo. Kabla ya damu ya Likoni ya Agosti 1997 vilipita vikaratasi vya kuwatisha watu wa bara wahame, na vikaratasi vile havikuwa na sahihi. Hilo ndilo funzo lake: hatari ilikuwa kwenye karatasi isiyo na mwenyewe. Nchi inayotaka kupunguza uvumi ingemlinda mwenye sahihi, ikampa nafasi ya kurekebisha kabla ya kumpeleka kortini, na kesi ya jina lililochafuliwa ikaiacha iwe ya madai, si ya pingu.

Wakati tunayadai hayo, kazi ipo ya kufanya leo, na nyingi yake haina hatari kubwa. Mambo mengi ya maana yako wazi mtandaoni, hayasomwi tu. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu kila kaunti huwekwa kwenye tovuti ya ofisi yake. Hukumu za mahakama husomwa bure kwenye Kenya Law. Gazeti Rasmi la Serikali hutangaza ardhi inayotwaliwa kwa miradi. Kijana wa Mwiki akichukua ukurasa mmoja wa ripoti ya Kiambu, akaueleza kwa Kiswahili cha kueleweka na kuweka linki, amewafanyia majirani zake zaidi ya video mia. Wa Kisauni afanye hivyo kwa Mombasa, wa Malindi kwa Kilifi. Na hati ikikosekana, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuiomba kwa maandishi, na ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Barua ya ombi na jibu lake, au kimya chake, ni habari tosha.

Kanuni za kazi hiyo si nyingi. Andika tarehe mbili: ya tukio, na ya siku uliyoiweka. Taja mahali kikamilifu. Mwiki ipi, Githurai ipi. Weka linki ya ulikokitoa, na kama ukurasa waweza kufutwa, hifadhi nakala yake kwenye Internet Archive. Tenganisha ulichokiona, ulichokisoma na unachokidhania. Ukikosea, rekebisha hapo hapo, usifute kimyakimya. Picha za maiti na za watoto ziache.

Wenye kusoma nao wana wajibu. Ukiletewa habari kwenye kundi la familia, uliza imetoka wapi. Ukimpata mwandishi wa mtaa anayefanya kazi kwa uaminifu, msambazie linki yake badala ya kunakili maneno yake na kulikata jina. Na siku akiitwa kituoni, asiende peke yake.

Lisemwalo lipo, ikiwa halipo laja, twasema. Ya Githurai yametuonyesha kuwa lisemwalo laweza kuwepo nusu, na nusu ya uongo ikaizika nusu ya kweli. Waliouawa usiku ule walistahili kuhesabiwa sawasawa, na hesabu hiyo ilihitaji mtu wa pale pale, mwenye daftari na asiyeogopa kuweka jina lake.