Kumbukumbu Iliyojaa ni Ipi?

Aghalabu mwanafunzi wa chuo anayerejea nyumbani Rangwe, katika Kaunti ya Homa Bay, kuandika tasnifu yake huifanya kazi hiyo kwa tarakilishi kuukuu iliyokwisha kupitia mikono kadhaa. Kumbukumbu yake ni gigabaiti 2, au 4 akibahatika. Akishafungua kurasa kumi za intaneti, mashine hutambaa kama kobe. Mwenzake humwambia kwamba kumbukumbu imejaa, naye huanza kufuta: picha, nyimbo, na pengine hata sauti za sigana alizowarekodi wazee wakisimulia. Maadamu diski haikuwa imejaa pomoni, hasara hiyo haiongezi kasi hata chembe.

Kosa hapa ni la istilahi kabla ya kuwa la mashine. Katika Kiswahili, kumbukumbu ni yale yaliyomo akilini; tena ni maandishi ya mkutano yanayowekwa na katibu. Neno moja limebeba kinachopita na kinachotunzwa. Tarakilishi, kwa upande wake, hutenganisha mambo hayo mawili. Ina meza ya kufanyia kazi, ambayo hufutika umeme ukikatika, na ina kabati, yaani diski, ambamo faili hukaa. Meza ikijaa, mashine hulazimika kuhamishia vitu kabatini na kuvirudisha kila vinapohitajika, na diski za kale zinazozunguka ni nzito mno kwa kazi hiyo. Anayefuta sigana anapunguza vitu vya kabati ilhali meza ndiyo iliyosongamana.

Kinachoijaza meza mara nyingi ni kivinjari. Chrome, tangu kilipotolewa mwaka 2008, hutenga kurasa katika michakato mbalimbali ili moja ikikwama nyingine zisianguke; ulinzi huo hulipiwa kwa kumbukumbu. Kwa hiyo tiba ya kwanza ni kufunga kurasa zisizosomwa na kuondoa viongezi visivyotumika. Katika Windows, kubonyeza Shift na Esc ndani ya Chrome huonyesha ukurasa upi unakula kiasi gani. Kufuta historia ya kurasa zilizotembelewa, dawa inayopendwa sana, hakupunguzi mzigo huo.

Vivinjari vya siku hizi huweza kuzilaza kurasa zilizosahauliwa. Firefox ilianza kufanya hivyo katika Windows mwaka 2021. Ila mtumiaji akiurudia ukurasa uliolazwa, hupakiwa upya, na kwa anayenunua bando la shilingi ishirini jambo hilo si dogo. Heri makala ndefu ihifadhiwe kwenye diski, kisha ukurasa wake ufungwe.

Wapo watakaosema kwamba maelezo haya yaachiwe Kiingereza, kwa kuwa vitufe vyenyewe vimeandikwa kwa Kiingereza. Hoja hiyo ina umri mrefu kuliko nguvu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na leo Chrome chenyewe huweza kusomeka kwa lugha hiyo. Kilichopungua si maneno. Wanaistilahi wamebishana vya kutosha kama tuseme kivinjari au kisakuzi, ubishi usiomdhuru mtu yeyote, huku kumbukumbu, neno linalowapotezea watu kazi zao, likiachwa lijitafutie maana.

Pendekezo ni jepesi: kumbukumbu ibaki kuwa jina la meza, na hifadhi liwe la kabati, bila kuchanganywa darasani wala katika majarida. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vya eneo hili, vikiwemo vya Rongo na Tom Mboya, vinaweza kuandaa kitini cha ukurasa mmoja kwa Kiswahili na Kidholuo, kikabandikwa katika saiba za Rangwe karibu na bei za uchapishaji, mahali ambapo kila mteja husoma.