Wanaotoa Vibali vya Visima Nakuru Wawajibike

Mtazame kwa karibu mtoto aliyekulia Njoro, Rongai au Bahati anapoota meno ya utu uzima. Mara nyingi meno yale ya mbele yana mistari na madoa meupe kama chaki. Miaka ikisonga, madoa hugeuka kahawia, na jino lililoathirika zaidi huanza kumeguka.

Nyumbani anakaripiwa kwamba hapigi mswaki. Shuleni anachekwa, hadi anajizoeza kucheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Anaonewa. Doa hili halisuguliki, kwa sababu limo ndani ya jino lenyewe. Liliingia jino likiumbika chini ya ufizi, katika miaka 8 hivi ya kwanza ya maisha, na lililolileta ni floraidi iliyozidi katika maji ya kunywa.

Hakuna anayeweza kudai hakujua. Maji ya chini ya ardhi katika Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya eneo hili hukipita, vingine mara kadhaa. Kuchemsha, ambako akina mama wamehimizwa miaka nenda miaka rudi, huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi: maji hupungua, yenyewe ikabaki. Anayeyanywa kwa miaka mingi anaweza kudhurika hata mifupa, akakakamaa mgongo na viungo.

Njia ya kuyasafisha ipo hapa hapa. Kanisa Katoliki, Dayosisi ya Nakuru, limekuwa likichoma mifupa ya ng'ombe na kuisaga kuwa chembe nyeusi za kuchujia maji, za ndoo ya nyumbani na hata za tangi la kijiji. Chembe zikishiba floraidi hubadilishwa. Kazi hiyo ilipaswa kuwa ya serikali. Bwawa la Itare kule Kuresoi, lililokusudiwa kuleta maji ya mto hadi Nakuru, lilikwama mwaka 2018 kampuni ya Italia iliyokuwa ikilijenga ilipoyumba kifedha, na wananchi wakarudishwa kwenye visima na mikokoteni ya mitungi.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama. Kibali cha kuchimba kisima hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na afya ya mwananchi iko mikononi mwa kaunti. Basi ofisi hizi mbili zisitupiane lawama. Kiwango cha floraidi kiandikwe kwa rangi kwenye kila kioski na kila tangi la shule, na kaunti itenge fedha za vichujio katika bajeti ijayo, ikianza na shule za msingi. Kisima kisichopimwa kisiuze maji ya kunywa.